Unataka paka wa Kiajemi hapa Lamu? Anza na kitana

Watu wakipita barazani kwetu hapa Langoni wakimuona Pamba, paka wangu wa Kiajemi, husimama, na swali ni lile lile, nami ntapata wapi kama huyu? Mimi nawauliza, utakua na robo saa kila siku ya kumchana? Maana huyu si kama paka wetu wa mtaani, wanaoshinda sokoni wakingoja matumbo ya samaki na kujilamba wenyewe wakatakata.

Manyoya yake yana tabaka mbili, ya juu marefu na ya ndani kama sufi, na hayo ya ndani ndo hujisokota. Mwaka wa kwanza nlipuuza, nkaenda Mombasa wiki mbili, kurudi nkakuta makwapani kumeshikana vifundo kama usumba, nkatia makasi nkakata mpaka ngozi. Ile alama bado iko na kila nikiiona naumia. Ngozi ya paka ni nyembamba na huvutika pamoja na fundo, kwahivyo makasi weka mbali jamani, fungua kwa vidole polepole kuanzia nchani, alafu kitana cha chuma, likikataa mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Asili yao hutajwa ni Uajemi, Iran ya leo. Karne ya 17 msafiri wa Italia, Pietro della Valle, aliandika habari za paka wa manyoya marefu wa Khorasan, jimbo la huko Uajemi, na huko baridi huwa ya theluji, sio kaskazi letu la Januari. Baadaye Waingereza wakawazalisha kwa kuchagua, mwaka 1871 wakawaonyesha kwenye maonyesho ya paka pale ukumbi wa Crystal Palace, London. Ule uso bapa kabisa umekuja karne ya 20, wafugaji ndo waliutaka, na paka ndo anaepata taabu, pumzi fupi na machozi kila saa. Kwahivyo chagua mwenye pua iliyotokeza, tafadhali sana, na ukimuona anahema mdomo wazi kwa joto usingoje kesho, mkimbize kwa daktari.

Na mtu asikuuzie chotara akikwambia atatoka kama babake. Pamba alizaa na shume wa mtaani, watoto wanne, wote manyoya mafupi, sababu manyoya marefu lazima yarithiwe kwa baba na mama wote wawili.

Ni mpole mashallah, mchana kutwa kalala kwenye sakafu ya daka penye ubaridi. Mimi humchana baada ya alasiri, upepo ukianza.