Kabla ya kuuliza nani analipa, uliza analipa kwa namna gani na nani anashika funguo

Ndugu mleta mada, umeandika kwamba wiki ijayo umeitwa kwenye usaili wa nafasi ya mtafiti msaidizi katika taasisi ya utafiti wa sera za mabadiliko ya tabianchi hapa Dar es Salaam, na kwamba wenzako uliomaliza nao chuo wanakuonya kuwa taasisi hizo ni midomo ya wafadhili, wakikukumbusha kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Umeuliza nani hasa anazilipa, na kama anayelipa ndiye anayeamua kitakachoandikwa. Nimefanya kazi miaka tisa katika idara ya fedha ya taasisi ya namna hiyo, Mikocheni, nikianza kama mhasibu na kuondoka nikiwa mkuu wa idara. Sitaitaja, kwa sababu wapo waliobaki ambao wangali wanajaribu kuinusuru. Nitakujibu kwa niliyoyaona kwenye vitabu vya hesabu na kwenye vikao vya bodi, ambako niliingia kila mara kutoa taarifa ya fedha.

Swali la nani analipa lina jibu fupi. Fedha zote kubwa nilizoziingiza vitabuni zilitoka nje ya nchi: kwa balozi, kwa mifuko ya hisani ya Ulaya na Marekani, na kwa mashirika makubwa yaliyotukatia kipande cha kazi yaliyokuwa yamepewa yenyewe. Wenzako wanaona aibu katika hilo. Mimi siioni, kwa sababu hata taasisi kubwa za fani hii duniani zilizaliwa kwa fedha za wahisani. World Resources Institute ya Washington ilianza mwaka 1982 kwa dola milioni 15 za Mfuko wa MacArthur. Climate Policy Initiative ilianza mwaka 2009, bilionea mhisani wa Marekani George Soros alipoahidi kuitolea dola milioni 10 kila mwaka kwa miaka 10. Iangalie vizuri ahadi hiyo ya pili, maana imetolewa kabla ripoti hata moja haijaandikwa. Mkurugenzi aliyeshika ahadi kama hiyo anaweza kumwajiri kijana kama wewe, akampa miaka mitatu ya kulichimba jambo moja mpaka alijue, na akamwambia mfadhili mwingine yeyote kwamba sharti lake halikubaliki.

Fedha za aina hiyo ziliwahi kufika hapa kwetu. Kati ya mwaka 2008 na 2019 palikuwa na mpango ulioratibiwa na IDRC, shirika la serikali ya Kanada linalogharimia utafiti wa maendeleo, ambao katika awamu yake ya pili ulizisaidia taasisi 43 za utafiti wa sera katika nchi 20, ikiwamo ESRF, taasisi ya utafiti wa uchumi na jamii ya hapa Dar es Salaam, na lengo lake lilikuwa kuijenga taasisi yenyewe isimame, si kununua ripoti moja moja. Taasisi yetu haikuwa kwenye mpango huo, lakini kwa miaka minne ya mwanzo tulikuwa na ruzuku ya uendeshaji kutoka mfuko mmoja wa Ulaya. Ililipa pango, mafuta ya jenereta, mkaguzi wa hesabu, na mishahara ya watafiti wanne, bila kuuliza wanaandika nini mwezi huu. Ilipoisha tukabaki na miradi, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi yangu.

Naomba nilieleze hili la miradi kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndilo utakaloishi nalo. Mtafiti mmoja mwenye mshahara mmoja nilikuwa nampasua vipande: asilimia 30 ya muda wake inalipwa na mradi wa mafuriko, 20 na mradi wa mikoko ya Rufiji, 25 na mradi wa nishati ya kupikia, na robo iliyobaki haina mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi alijaza karatasi ya saa alizofanya kazi, na kila safari ya uwandani ilikuwa na masurufu yake, yaani fedha za safari zilizotolewa mapema, yenye siku za kurejeshwa, yenye risiti ambazo mama muuza maji wa Ikwiriri hawezi kuzitoa. Ile robo isiyo na mwenyewe ndiyo ilikuwa muda wa kusoma, kufikiri na kuuliza maswali ambayo hakuna aliyeyaagiza. Kwa kuwa haikuwa na wa kuilipia, ililiwa na kuandika maandiko ya kuombea miradi mingine. Mtu niliyemwona akiingia na shauku ya kulijua kila kona Bonde la Msimbazi, bonde la mto unaofurika hapa jijini, baada ya miaka mitano alikuwa bingwa wa kujaza fomu za maombi.

Na hapa ndipo anayelipa anapoamua, ingawa si kwa namna wenzako wanavyodhani. Katika miaka tisa sikuwahi kuona barua inayosema andikeni hivi. Nguvu ya mfadhili ilikuwa kwenye mwaliko wa kuleta maandiko ya miradi na kwenye hadidu za rejea, yale maelezo ya kazi anayoitaka, yaani katika kuchagua swali. Unakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, na familia za mabondeni zilizopelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Mwenzetu mmoja alitaka kuzifuatilia familia hizo kwa miaka kumi, ajue nani alibaki, nani alirudi bondeni, na kwa nini mtu arudi mahali ambapo maji yaliwahi kumfikia kifuani. Hilo ni swali la sera kwelikweli, hasa baada ya Benki ya Dunia kuidhinisha mwaka 2022 mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi, na kaya nyingine kuhamishwa. Aliandika andiko mara tatu. Hakuna aliyelikataa kwa ubaya. Lilikuwa tu haliingii kwenye vipaumbele vya mwaka huo, wala wa uliofuata.

Mara mbili tu niliona mkono wa mfadhili ukifika mpaka ndani ya maandishi yetu. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye ripoti. Tulikuwa tumefanya utafiti wa kaya za Temeke na Buguruni kuhusu nishati ya kupikia, na matokeo yalionyesha kwamba kaya nyingi zilikuwa na mtungi mdogo wa gesi na jiko la mkaa kwa pamoja: gesi kwa chai ya asubuhi, mkaa kwa maharage. Sababu haikuwa ujinga wala mazoea peke yake. Mkaa unanunuliwa kwa kopo, kwa hela ya siku hiyo, ilhali gesi inadai hela ya mtungi mzima kwa mkupuo. Sura ya mapendekezo ikasema serikali isaidie gesi ya mitungi iuzwe kidogo kidogo. Ofisa wa mfadhili, ambaye taasisi yake haikutaka kuonekana ikipigia debe nishati yoyote ya kisukuku, yaani ya mafuta, gesi au makaa ya kuchimbwa ardhini, akatuomba tuitoe sura hiyo. Mkurugenzi wetu, ambaye wafanyakazi wote tulimwita Mama, akakataa. Ripoti ikachapwa kama ilivyo. Awamu ya pili ya mradi haikuja.

Alikataa kwa sababu ni mtu mwenye msimamo, lakini mimi niliyekuwa nikishika vitabu najua sababu ya pili: wakati ule ile ruzuku ya uendeshaji ilikuwa ingali na mwaka mmoja na nusu. Miaka mitatu baadaye lilikuja ombi la kufanana na hilo, dogo zaidi, la kulegeza sentensi mbili katika muhtasari wa sera. Akiba yetu ilikuwa ya miezi miwili ya mishahara. Aliniita ofisini, akaniuliza tuna kiasi gani, nikamwambia. Sentensi zikalegezwa. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo, lakini nilitoka ofisini mwake nikijua kwamba jibu la mfadhili yule lilikuwa limeandikwa kwenye taarifa yangu ya benki.

Usidhani pia kwamba shinikizo linatoka ng'ambo peke yake. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kwa namna iliyofanya kuwa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali, na marekebisho ya kulegeza yakaja mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2018 kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali zikataka mikataba ya fedha zinazozidi shilingi milioni 20 iwasilishwe Hazina na kwa Msajili wa mashirika hayo. Hili la pili wengi walililalamikia, na kazi yake ilikuwa nzito kwangu binafsi, lakini kutaja wafadhili hadharani ni jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Taasisi inayoficha anayeilipa inaomba iaminiwe kwa neno tupu. Tazama Global Warming Policy Foundation ya London, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Nigel Lawson, aliyewahi kuwa Waziri wa Fedha wa Uingereza, kupinga sera za tabianchi za nchi hiyo: kwa miaka mingi ilikataa kuwataja wafadhili wake, na kila hoja yake, hata ile iliyostahili kujibiwa kwa takwimu, ikawa inajibiwa kwa swali la nani amekutuma.

Sasa nije kwenye uongozi, ambao hukuuliza, na ambao ndio ulioiangusha taasisi yetu kuliko upungufu wa fedha. Mama ndiye aliyeianzisha. Wafadhili walikuwa marafiki zake wa mikutano ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa, namba zao zilikuwa kwenye simu yake, na mikataba kadhaa ilikuwa na kifungu kilichomtaja yeye kwa jina, kwamba akiondoka mfadhili ana haki ya kusitisha. Wajumbe wa bodi aliwachagua mwenyewe. Walikuwa watu waadilifu na wenye kumheshimu mno, na heshima hiyo ndiyo iliyowazuia kumuuliza hata mara moja nani atashika nafasi yake. Nimezipitia kumbukumbu za vikao vya miaka tisa na suala la mrithi halimo. Nami nilikuwa nimekaa mle ndani na sikulisema.

Mwaka 2022 akapata kazi katika shirika la kimataifa nje ya nchi, akaondoka kwa taarifa ya miezi mitatu. Ndani ya mwaka mmoja miradi mitatu kati ya mitano ilikuwa imefungwa, na watafiti wawili wazuri wakawa washauri elekezi wa kujitegemea, wakiendelea na wafadhili walewale. Linganisha na hili: mwaka 2021 Andrew Steer aliiacha World Resources Institute baada ya karibu miaka tisa ya kuiongoza, akaenda kuongoza mfuko wa hisani wa Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, na Ani Dasgupta, aliyekuwa tayari kiongozi ndani ya taasisi, akashika nafasi, kazi ikaendelea. Watu husema wao wana fedha. Wanazo, ila pia wana bodi inayojua kwamba mkurugenzi ni mtu wa kupita, na hilo halihitaji dola. Nami niliondoka mwaka 2023.

Kwa hiyo nenda kwenye usaili. Sisemi hivi kukufariji. Tanzania imeahidi kupunguza gesijoto, yaani hewa zinazoipasha dunia joto, kwa kati ya asilimia 30 na 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua yoyote, na lazima awepo mtu asiye wa serikali wala wa mfadhili anayekaa hapa jijini na kuhesabu kama ahadi hiyo inatimizwa na inamgharimu nani. Uwezo wa kitaaluma tunao tangu zamani: Profesa Pius Yanda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waandishi wa sura ya Afrika katika ripoti ya jopo la kimataifa la tabianchi ya mwaka 2007. Kinachokosekana ni nyumba imara za kuwaweka vijana wanaomfuata.

Wakikuuliza kama una swali, omba kwa adabu hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Taasisi safi haitashtuka. Ukizipata, tazama mfadhili mkubwa anabeba sehemu gani ya mapato yote, na kama kuna fungu lolote lisilofungwa kwenye mradi, kisha tazama akiba. Uliza mkataba wa mwisho na mfadhili ulijadiliwa na nani mbali na mkurugenzi, na wajumbe wa bodi wanakaa kwa kipindi gani. Kama jibu la maswali haya yote ni jina la mtu mmoja, unaweza kukubali kazi, lakini jifunze haraka, andika kwa jina lako, na usikope benki kwa kutegemea mkataba huo.

Na jambo moja la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya niandike marefu namna hii. Madodoso ya kaya zile za Temeke na Buguruni yapo, majina ya watu yakiwa yameondolewa, katika maboksi kumi na moja kwenye stoo ya ofisi tuliyohamia baada ya kuacha ile kubwa. Hakuna bajeti ya kuyaingiza kwenye kompyuta na hakuna aliyeyaomba. Viongozi waliobaki wameniambia wako tayari kuipa taasisi yoyote itakayoyatumia na kuwataja waliokusanya. Ukipata hiyo kazi, na wakikupangia masuala ya nishati ya kupikia, nitumie ujumbe wa faragha hapa jukwaani nikuunganishe nao.