Maswali ya wasomaji: "Mi huku kwetu nipige picha nini sasa?"

Wiki hii barua nyingi zimeuliza kuhusu kupiga picha za mazingira kwa simu, nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana imenigusa.

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni kijana wa Mbagala, nina miaka 22, simu yangu ya kawaida tu ila kamera yake sio mbaya. Napenda sana picha za mazingira ila kila nikiingia mtandaoni naona watu wako Serengeti, sijui wako Ngorongoro, mi nikifungua mlango naona ukuta wa jirani, mpapai mmoja na mtaro umeota magimbi. Hela ya mbugani sina na sioni nitaipata lini. Niache tu haya mambo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiache kabisa! Yani umeandika malalamiko ila mi nimesoma nikaona umenitajia vitu viwili vya kupiga mwezi mzima, huo mpapai na hayo magimbi.

Tuanze na magimbi. Kesho mvua ikinyesha usiku, au hata kama haijanyesha chukua kikombe cha maji ukanyunyize, amka mapema uende pale mtaroni uinamie jani moja. Utaona maji hayalowani kwenye jani, yanajikusanya yanakuwa matone ya mviringo kabisa, ukiligusa jani yanakimbia kama gololi. Ni kwa sababu jani la gimbi lina vinundu vidogo mno vyenye nta juu yake, jicho haliwezi kuviona, kwahiyo maji hayapati pa kushika. Sasa sogea karibu zaidi uangalie ndani ya tone lenyewe. Kuna nyumba humo ndani. Bati la jirani, ukuta, mpapai wako, vyote viko kichwa chini miguu juu, kwa sababu tone linafanya kazi kama lenzi. Mi siku ya kwanza kuliona hilo nilichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, na mtaro ule nilikuwa naupita kila siku naenda dukani.

Namna ya kulipiga: kwanza futa kioo cha kamera na kitambaa laini cha pamba. Usilidharau hili, simu inakaa mfukoni inashika jasho na mafuta ya vidole, ndo maana picha za watu wengi zina ukungu afu wanasema kamera mbovu. Pili usitumie zumu, sogea wewe. Simu nyingi zinashindwa kukamata fokasi ukisogea chini ya sentimita kama 8 au 10, kwahiyo ukiona imeanza kuyumba rudi nyuma kidogo, utakuja kuikata picha baadae. Tatu, gusa skrini pale kwenye tone na ushikilie kidole mpaka ijifunge, halafu shusha mwanga kwa kuvuta kidole kwenda chini, tone likiwa na mwanga mwingi linakuwa doa jeupe tu na ile nyumba ya ndani inapotea. Na geuza simu juu chini, kamera ije upande wa ardhini, utashangaa jani linavyokuwa kubwa kama mlima.

Halafu suala la muda, hapa ndo wengi wanakosea. Sisi tuko karibu na Ikweta, jua halipandi kwa mshazari mrefu kama nchi za kaskazini, kwetu linapanda karibu wima, kwahiyo ule mwanga laini wa dhahabu unaisha haraka sana. Dar jua linachomoza kati ya saa 12 kasoro dakika chache na saa 12 na dakika 40 asubuhi kutegemea mwezi, na ikifika saa 2 mwanga umeshakuwa mkali. Mchana ndo usiseme, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba saa sita linakuwa utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Ukipiga ua saa hizo linatoka limepauka na vivuli vyeusi tii. Kama huna nafasi asubuhi kwa sababu ya kazi, subiri jioni kuanzia saa 11, au piga siku ya mawingu, mawingu ni rafiki mkubwa wa majani na maua.

Mpapai sasa. Simama upande ambao jua liko nyuma ya jani, yani jani liwe katikati yako na jua. Mishipa yote inaonekana kama ramani ya barabara, na rangi inakuwa ile ya kijani inayowaka. Afu angalia shina, kila jani lililodondoka limeacha kovu lake, makovu yamepangana toka chini mpaka juu, huo ni umri wa mti umeandikwa pale na hakuna mtu anausoma. Huo huo mpapai upige kila siku kwa wiki 2, sehemu ile ile umesimama, nakuomba. Siku ya nne utachoka, utaona hamna kipya. Vumilia, kuanzia siku ya sita au ya saba utaanza kuona vitu, mjusi ana saa yake ya kuota jua, chozi anakuja kwenye maua asubuhi na mdomo wake uliopinda, ua la siku ya kwanza sasa limeanza kuwa tunda dogo. Mtu wa mbugani anakaa siku mbili anaondoka, we unakaa hapo mwaka mzima.

Nikwambie kilichonifundisha mimi. Nyumbani kwetu ni Muheza, Tanga, na ukitaja Muheza umetaja machungwa. Kwenye michungwa kuna wale sisimizi wekundu wa juu ya mti, majimoto, tulikuwa tunawachukia utotoni maana ukipanda kuchuma wanakung'ata mpaka unaruka chini, na jina lao lilivyo ndivyo wanavyounguza. Mwaka mmoja nimeenda likizo simu yangu imepasuka kioo ila kamera nzima, nikakuta wanajenga kiota. Walikuwa wameshikana viuno mnyororo mrefu, mmoja kamshika mwenzake, wanavuta jani moja lisogelee jingine, na wengine wamebeba watoto wao mdomoni, wale funza weupe, wanawapeleka huku na huku kwenye maungio ya majani. Nikadhani wanawahamisha. Kumbe wanashona! Funza ndo anatoa uzi wa hariri, mkubwa anamshika tu kama fundi anavyoshika kitambaa kwenye cherehani. Nilipiga picha kama 60, zilizotoka vizuri 3. Mama akaziangalia akaniambia miaka yote nawafukuza na majivu sijawahi kujua wanashona. Na wenye minazi wanawapenda hao majimoto, maana wanamfukuza mdudu anayefyonza nazi changa mpaka zinadondoka.

Kwahiyo mdogo wangu, Serengeti utaenda Mungu akijalia. Kwa sasa anza na mtaro, ila angalia unapokanyaga, na ukishamaliza nawa mikono kwa sabuni.

SWALI: Mwanangu hujambo? Mimi ni mama wa Mombasa, kila Jumamosi nateremka pwani na wajukuu maji yakipwa. Kwenye vidimbwi vya mawe kuna mambo mazuri sana, kuna kaa, kuna viti vya pweza, wale wa umbo la nyota, lakini nikipiga picha naona mbingu tu na weupe, vya ndani havionekani. Nakosea wapi?

JIBU: Shikamoo mama. Hukosei, ni mng'ao wa maji. Tafuta miwani ya jua ya polaraizi, iweke mbele ya kamera ya simu kama unaivisha, halafu izungushe polepole huku ukiangalia skrini, kuna mahali utafika ule weupe unaondoka na dimbwi linafunguka mpaka chini. Kujua kama miwani ni yenyewe, wakati wa kununua itazamie simu uizungushe, kioo cha simu kikigiza kwenye pembe fulani basi ni ya kweli. Ukiikosa, mwambie mjukuu mmoja ashike mwavuli au leso juu ya dimbwi ili kivuli chake kizuie mbingu, inasaidia sana.

Maji nayo, we mwenyewe wa pwani unajua kuliko mimi, lakini kwa wasomaji wengine niseme kwamba kupwa kunachelewa kama dakika 50 kila siku, kwahiyo Jumamosi hii sio saa ya Jumamosi iliyopita. Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ndo maji yanakimbia mbali zaidi na vidimbwi vinakuwa vingi. Na wajukuu naomba wasikitoe kiti cha pweza nje ya maji kwa ajili ya picha. Kinapumua humo humo majini, kikipigwa kikiwa mahali pake hata picha inakuwa na uhai zaidi. Jiwe mkiligeuza mlirudishe lilivyokuwa, kuna wenyewe chini yake.

SWALI: Dada mambo, mi wa Dodoma. Nikiediti picha zangu za machweo zinakuwa nzuri kwenye simu yangu ila nikizituma WhatsApp zinaharibika. Na filta ipi nzuri?

JIBU: Poa mdogo wangu. Filta mi sitakutajia, kwa sababu machweo ya Dodoma na lile vumbi la kiangazi rangi yake tayari imejaa, ukiongeza inakuwa kama fanta. Shusha mwanga kidogo, nyoosha mstari wa upeo usilale upande, basi. Kuhusu WhatsApp, inabana picha ili ziende haraka. Badala ya kuituma kama picha, bonyeza ile alama ya kuambatisha uchague dokumenti, itaenda kamili kama ilivyo. Hata mkitutumia sisi tumeni hivyo hivyo, na mniandikie mlisimama wapi na ilikuwa saa ngapi.