Usinunue maji: kwa mnaoanza biashara ya jinsengi ya porini

Nimekulia Wete, kwenye majamvi ya karafuu, kwa hiyo nilipofika West Virginia, Marekani, nikaajiriwa na mzee anayenunua jinsengi ya porini, nilidhani kazi naijua. Wapi! Jinsengi, wenyewe wanaiita "sang", ni mzizi wa dawa unaochimbwa kwenye misitu ya milima ya Appalachia, jimboni kwetu Septemba 1 hadi Novemba 30, na nyingi huishia Hong Kong. Leseni ya mnunuzi kata kabla hujagusa hata wakia moja.

Kitakachokufilisi ni maji. Ratili tatu mbichi na ushei hutoa ratili moja kavu, karibu sawa na karafuu. Msimu wangu wa kwanza wa kujitegemea nilinunua ratili 12 Jumamosi ya mvua, udongo umeng'ang'ania kwenye mikunjo. Zilipokauka nikapata tatu kasorobo. Aliyeniuzia hakunidanganya, mizani ilisema kweli. Mimi ndiye sikuuliza imechimbwa lini. Ya jana na iliyokaa wiki nzima barazani hazina bei moja. Basi anayeanza anunue kavu tu. Shika kimzizi chembamba ukivunje: kikilia "ka!" imekauka, kikijipinda bado unauziwa maji.

Ukiletewa mbichi na huna budi, usiianike juani na usiisugue kwa brashi. Suuza kidogo, tandaza kwenye wavu mahali penye hewa, uwe na subira. Mnunuzi wa ng'ambo anaitaka iliyokunjamana, yenye pete pete na rangi ya udongo. Ikiwa nene na nyeupe ataishuku kuwa ya shambani, ile inayolimwa Wisconsin, ambayo bei yake ni ya chini mno.

Halafu itazame shingo, pale juu ya mzizi shina linapoota. Kila mwaka mmea huacha kovu moja hapo. Yakipungua manne, haijatimiza miaka 5, mrudishie mwenyewe hata kama unamwonea huruma. Jinsengi imo tangu 1975 kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na isiyo na cheti haitoki nchini.

Kuhusu kuiweka, hapa ndipo sisi wa Pemba tunapopotea. Kwetu bei ya karafuu hutangazwa na mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Huku bei unaisikia kwenye simu, na wiki ijayo ni nyingine. Kila mtu anataka kungoja ipande. Mimi huuza nusu mara tu inapokauka, nilipe nilichokopa, iliyobaki naitia kwenye pipa la kadibodi. Mfuko wa plastiki hapana, inatoa jasho na kuota ukungu. Ikifika Machi 31 hujauza, lazima uwe umeipeleka ikapimwe na kupewa stakabadhi ya uzito.

Vijijini huku watu wote wanajuana. Muulize mchimbaji kama ana ruhusa ya mwenye ardhi, lakini usimuulize kilima gani. Ni kama kumuuliza mvuvi anapotega. Mwenzako akimpa dola 20 zaidi, mwache aende, wala usimnunie. Na mwenye wakia mbili mpimie kwa bei ile ile ya mwenye gunia. Bibi mmoja aliniletea hizo wakia mbili kwenye kopo la kahawa. Septemba iliyofuata wajukuu zake watatu walisimama mlangoni kwangu kabla sijafungua.