Uwele ulitangulia wali: walichokula watu wa Pemba ya kale

Swali: Tumekua tukiambiwa kwamba wali ndio chakula cha asili cha Pwani. Kwa kuwa nafaka huoza, wanaakiolojia wanajuaje kilicholiwa miaka elfu moja iliyopita?

Jibu: Ndugu msomaji, nafaka huoza, lakini punje iliyoungua ikawa mkaa hudumu ardhini karne nyingi. Kwa hiyo udongo wa mekoni na majalalani humiminwa ndani ya pipa la maji na kukorogwa taratibu mpaka vilivyoungua vielee. Kisha huchujwa kwa kitambaa chembamba, huanikwa kivulini na kutazamwa kwa hadubini, ambapo punje ndefu ya mpunga, yenye mifuo ubavuni, haifanani hata kidogo na punje fupi ya uwele iliyochongoka upande mmoja.

Kazi ya namna hiyo iliyofanywa na mwanaakiolojia Sarah Walshaw kisiwani Pemba imeonyesha kwamba huko Tumbe, palipokaliwa tangu karne ya 7 hadi ya 10, nafaka kuu ilikuwa uwele, na mpunga ulikuwa haba. Chwaka, mji uliostawi jirani kuanzia karne ya 11, mpunga ndio uliotawala. Wali basi ni wa kale, ila haukuwa wa mwanzo. Mahindi na muhogo hayakuwapo kabisa, kwani asili yake ni Amerika.

Hata hivyo, mkaa huhifadhi tu kilichokaribia moto. Ndizi haiachi punje, na kutoonekana kwake hakuthibitishi kwamba haikuliwa: mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, aliandikiwa meza Mogadishu akapewa wali wa samli pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa.

Kwa upande wa kitoweo, mifupa kutoka Shanga, kisiwani Pate, alikochimba mwanaakiolojia Mark Horton katika miaka ya 1980, inaonyesha kwamba wavuvi wa mwanzo walitegemea samaki wa miambani, na wa bahari kuu, papa wakiwamo, wakaongezeka baadaye. Mifupa ya papa ni gegedu, yaani laini na yenye kuoza, hivyo husalia meno na pingili za uti wa mgongo tu. Anayehesabu vipande bila kulizingatia hilo atampunja papa.

Kipimo cha kaboni katika mifupa ya binadamu, kinachodokeza aina ya chakula alichokula mtu, nacho chahitaji uangalifu, kwa sababu uwele na samaki wa baharini huacha alama zinazokaribiana. Sharti kipimwe pamoja na nitrojeni, ambayo hupanda kwa mla samaki na haipandi kwa mla uwele.