Chai ya mchaichai na tangawizi kwa kikohozi: ilinisaidia, na ikaniponza

Mkuu, umeuliza chai gani ya kumtuliza mama kikohozi na "kumsafisha mapafu", na umesema anakohoa tangu kabla ya Pasaka. Mimi niko Tandika, na hii chai nimeinywa hadi nikapitiliza.

Chukua tangawizi mbichi kama kidole gumba, ioshe, usimenye, iponde kwenye kinu. Itie kwenye vikombe vinne vya maji pamoja na gome la mdalasini (wa unga unaacha utelezi) na karafuu tatu. Tatu tu, ukizidisha ulimi unakufa ganzi. Chemsha dakika kumi. Mchaichai unaingia mwisho, umekunjwa fundo, halafu epua na ufunike palepale. Ile harufu ndiyo mafuta ya mchaichai yenyewe, ukiacha wazi unawanukishia majirani dawa yako. Ndimu na asali weka ikishapoa kiasi cha kunyweka. Asali ya Tabora ukiipata halisi ni nzuri, ila pale Kariakoo fungua macho, sukari guru nayo huvaa chupa ya asali. Mtoto chini ya mwaka 1 usimpe asali kabisa. Na yule mchangiaji wa juu anayesema mnywe matone ya mafuta ya mkaratusi, hapana jamani, ile ni sumu ikimezwa.

Sasa habari ya kusafisha mapafu. Chai inakwenda tumboni, mkuu. Uvuguvugu wake unalegeza makohozi na asali inalainisha koo, basi. Mapafu yana vinyweleo vyake vinavyosukuma uchafu juu, na moshi ndio unaovilemaza. Mke wangu alikuwa anachoma maandazi kwa mkaa ndani ya korido. Tulipolitoa jiko uani nafuu niliiona kuliko birika zima.

Lakini kikohozi hakikuisha. Na hapo ndipo chai iliponiponza: nikinywa usiku nalala fofofo, asubuhi najiona mzima. Wiki ya tano mke wangu akaniuliza mbona shuka linalowa chapachapa na feni inazunguka. Suruali nazo nilishaanza kuzifunga kamba, nikasingizia kazi. Zahanati wakapima makohozi: kifua kikuu. Dawa miezi 6, bure, sikutoa hata mia. Chai nesi hakunikataza, alisema tu isiwe badala ya vidonge.

Kikohozi kikipita wiki 2 kinatakiwa kupimwa, na cha mama kimeshapita mbali. Mpeleke kesho asubuhi. Wanaweza kumpa kikopo arudi nacho siku inayofuata, basi makohozi ayatoe akiamka tu, yatoke kifuani, yasiwe mate. Mchaichai usinunue, umejaa hapa uani kwangu, nitumie ujumbe nikukatie.