Nywila inakubali, orodha ya mafaili inaganda

Kaka, nywila yako haina kosa, usiibadilishe tena. FTP, yaani utaratibu wa kuhamisha mafaili kati ya kompyuta yako na seva, ina njia mbili: poti 21 (poti ni kama mlango wenye namba) ni ya kuingia na kutoa amri, lakini orodha na mafaili yenyewe hupita njia ya pili. Programu ikiwa kwenye hali ya aktivu, seva ndiyo hugeuka kukutafuta wewe ili kufungua hiyo njia ya pili, na ruta ya hapo dukani kwako Malindi humwona mgeni asiyealikwa, humfungia mlango. Ndiyo maana unaingia vizuri kisha kila kitu kinasimama.

Weka hali ya pasivu. Kwenye FileZilla, ile programu ya FTP, iko katika mipangilio ya uhamishaji ya seva hiyo. Hapo kompyuta yako ndiyo hufungua njia zote mbili. Mimi nilihangaika siku mbili na video za harusi nikiwa Shela, nikidhani ni bando, kumbe ni hilo tu.

Pasivu nayo ikikwama, tatizo liko upande wa seva: ama poti zake za pasivu zimefungwa, ama inakupa anwani yake ya ndani. Soma logi, yaani kumbukumbu ya ujumbe kwenye programu yako, mstari wa jibu la seva unaoanza na 227. Ukiona 192,168, hiyo ni anwani ya ndani; mwambie msimamizi wake aweke anwani ya nje.

Na wenye seva wakikubali kukupa SFTP, njia nyingine ya kuhamisha mafaili kwa usimbaji, ichukue. Hiyo hupita poti moja tu, kwa kawaida 22, na nywila yako haisafiri wazi kama kwenye FTP ya kawaida.