Maswali Yenu: Uchovu na Namna ya Kuumudu Hupimwaje?

Nina lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Kila nikienda kliniki naulizwa uchovu wangu ni namba ngapi kati ya 0 na 10. Inasaidia nini?

Ikiwa peke yake, husaidia kidogo tu. Chukua wagonjwa wawili waliotaja 7: mmoja hufua nguo kwa awamu mbili, hupika akiwa ameketi na hujilaza kabla nguvu hazijamwishia, mwingine hujikaza mpaka saa sita mchana, akaanguka kitandani na viatu vyake, kisha siku mbili zinazofuata zikampotea. Uchovu wao una namba moja, lakini kuumudu kwao hakulingani hata kidogo. Ndiyo maana vipimo vifupi vilivyotungwa Bristol, Uingereza, kwa ajili ya wagonjwa wa baridi yabisi huuliza mambo matatu mbalimbali kuhusu siku 7 zilizopita: uchovu ulikuwa mkali kiasi gani, uliathiri maisha kiasi gani, na uliumudu vizuri kiasi gani. Angalia swali hilo la mwisho kwa makini, kwa sababu hapo namba kubwa ni habari njema, na wengi huijaza kinyume kwa mazoea.

Nilijaza dodoso la sentensi 9, wastani wangu ukawa 5.6. Je, ugonjwa umezidi?

Si lazima. Dodoso hilo, lililochapishwa mwaka 1989, hujibiwa kwa alama 1 hadi 7, na kwa kawaida wastani wa 4 au zaidi huhesabiwa kuwa uchovu mzito. Hupima jinsi uchovu unavyokwamisha shughuli zako, wala halipimi uvimbe unaoletwa na ugonjwa ndani ya mwili. Kabla ya kuulaumu ugonjwa wenyewe, mwombe daktari aangalie upungufu wa damu, tezi ya thairoidi, usingizi, sonona na dawa unazotumia.

Alama zangu za uchovu hazijashuka, lakini naona naishi vizuri zaidi. Nimekosea kujaza?

Sidhani. Uchovu unaweza kubaki palepale huku ustadi wa kuumudu ukipanda, na binafsi nayaona hayo kuwa maendeleo halisi, ingawa kipimo cha ukali hakiyaoni. Jihadhari na hali iliyo kinyume: alama zinaweza kushuka kwa sababu tu umeacha kutoka, kutembelea watu na kufanya kazi, kwani asiyejituma hachoki sana. Kwa hiyo kando ya kila namba andika ulichofanya wiki hiyo. Kumbuka pia kwamba mtu aliyeishi na uchovu kwa miaka huuzoea, na 6 yake ya leo huenda ingekuwa 8 machoni pake mwaka wa kwanza.

Nijaze asubuhi au jioni?

Wakati wowote, mradi uwe uleule kila mara. Soma kwanza kama unaulizwa kuhusu sasa hivi au wiki nzima, na usichungulie majibu ya mara iliyopita.